Tetemeko la Bukoba Halimo Kitabuni

Jumamosi moja ya mwezi uliopita mpwa wangu alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu ninakoishi, hapa Mnazi Mmoja, akiwa na mkoba uliojaa vitabu na uso wa mtu aliyeshindwa na jambo asilopenda kulikiri. Ni mwalimu wa Jiografia, mwaka wake wa pili kazini, katika shule moja ya sekondari ya kata pembezoni mwa jiji.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwalimu. Leo umefunga shule?"

Hakucheka. Aliketi, akaomba maji, akayanywa yote kwa mara moja, ndipo akanieleza. Wiki iliyotangulia alikuwa ameanza mada ya mabamba ya dunia na kuhama kwa mabara. Alikuwa na kitabu kimoja, nakala yake mwenyewe, na darasa la wanafunzi themanini. Aliwasomea habari za ufa wa California, volkano za Iceland na kukunjamana kwa milima ya Himalaya. Alipofika kwenye matetemeko ya ardhi, binti mmoja wa kiti cha nyuma, mpole, asiyezoea kuuliza, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, la kwetu lipo ukurasa gani?"

Binti yule kwao ni Bukoba. Analelewa na mama yake mdogo anayeuza vitenge Kariakoo, kwa sababu nyumba ya wazazi wake iliangukia upande mmoja siku ya Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, na maisha yao hayakusimama tena kama yalivyokuwa. Wakati huo alikuwa hajaanza hata darasa la kwanza. Mpwa wangu alikipekua kitabu mbele ya darasa zima, mwanzo hadi mwisho, akijua wazi kwamba hatalikuta.

"Nikamwambia tutaendelea Jumatano," alisema. "Sasa Jumatano inakuja, mjomba, na mimi sina kitu."

Wasomaji wa ukurasa huu mnajua kwamba kazi yangu ni kufundisha siasa, na kwamba kuhusu miamba najua kiasi kile anachokijua mtu aliyewahi kujikwaa. Lakini swali lile lilinigusa mahali ninapopajua vizuri. Mtoto anauliza ukurasa wa msiba wao. Taifa lililosoma kwa zaidi ya miaka sitini ya uhuru halina pa kumwonyesha. Nilimwambia mpwa wangu afungue kishikwambi chake, mojawapo ya vile vilivyotumika katika Sensa ya 2022 kisha vikagawiwa walimu, nami nikachangia bando. Tukaanza kutafuta.

Tulianza kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya somo. Yalifurika. Filamu fupi, michoro inayotembea, maandalio ya masomo ya walimu wa Marekani yaliyopangwa dakika kwa dakika, mengi yakiwa ya bure na mengine mazuri mno. Shirika la Jiolojia la Marekani lina kitabu kizima kuhusu mada hii, kilichochapishwa miaka ya 1990, ambacho yeyote anaweza kukisoma mtandaoni bila kulipa senti. Lakini mifano ilikuwa ileile ya kitabuni: California, Iceland, Japani, Himalaya. Bonde la Ufa lilitajwa, ndiyo, kwa aya moja au mbili, kama mtu anavyotaja shamba la jirani.

Tukajaribu Kiswahili. Hapo tulikutana na mambo matatu. La kwanza lilikuwa makala za kamusi elezo ya Wikipedia, zilizoandikwa na watu wanaojitolea, ambamo nilijifunza neno "gandunia", yaani ganda la dunia lililofupishwa likawa neno moja. Nililipenda papo hapo. La pili lilikuwa mahubiri: mabara yanapasuka, mwisho umekaribia, tubuni. La tatu lilikuwa ule ufa wa Mai Mahiu, nchini Kenya, uliofunguka Machi 2018 baada ya mvua kubwa na kuikata barabara ya kwenda Narok. Picha zake zimezunguka dunia nzima na bado zinazunguka, kila moja ikiwa na maandishi kwamba Afrika imegawanyika mbele ya macho yetu. Wanajiolojia wengi walioutazama walieleza kwamba mvua ilikuwa imesomba majivu ya kale ya volkano yaliyojaa katika nyufa za zamani. Kwa hiyo bara linapasuka kweli, na picha ile bado inapotosha. Jaribu kumweleza hivyo mtoto wa kidato cha tatu kwa lugha anayoifahamu nusunusu.

Mpwa wangu alitaka kuziacha picha za Mai Mahiu. Mimi nikamshauri azichukue. Mwanafunzi atakutana nazo tu katika simu ya mtu, na ni afadhali akutane nazo kwanza mbele ya mwalimu wake.

Ilikuwa imepita saa sita mchana tulipogundua kitu ambacho tungepaswa kuanza nacho. Shirika lilelile la Marekani linaweka hadharani orodha ya matetemeko ya dunia nzima. Unachora mstatili juu ya ramani, mahali popote upendapo, unataja miaka na ukubwa, na orodha inatoka: tarehe, saa, latitudo, longitudo, kina, ukubwa. Tukachora mstatili wetu kuanzia Ziwa Tanganyika hadi Bahari ya Hindi, na kuanzia Uganda hadi Msumbiji. Orodha ikateremka. Nilikaa kimya kwa muda. Ile ilikuwa ni nchi yangu, imeandikwa kwa tarakimu, na mwandishi yuko ng'ambo ya bahari mbili.

Katika orodha zinazokwenda nyuma zaidi limo tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910, lenye ukubwa wa 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kurekodiwa na mitambo barani Afrika. Mimi ni Mtanzania, nimesoma hadi shahada ya uzamivu, na nililisikia kwa mara ya kwanza Jumamosi ile. Limo la karibu na Ziwa Natron la Julai 2007, lenye ukubwa wa 5.9, lililotangulia mlipuko wa Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamasai wanauita Mlima wa Mungu na ambao lava yake haina mfano kwingine duniani leo: nyeusi, nyepesi kama maji ya matope, na joto lake ni takriban nusu ya lile la lava za kawaida. Na limo la Bukoba: 10 Septemba 2016, ukubwa 5.9, kina cha kilomita 40, digrii moja kusini ya ikweta na digrii 31 na nusu mashariki. Mstari mmoja tu. Watu wasiopungua 17 walifariki, maelfu ya nyumba zilibomoka au kupata nyufa, shule kongwe za Ihungo na Nyakato zikafungwa, na vyote hivyo viko nyuma ya mstari mmoja wa tarakimu.

"Themanini," mpwa wangu alisema ghafla.

"Themanini nini?"

"Wanafunzi themanini. Nachagua matetemeko themanini. Kila mmoja apewe lake."

Wazo lilikuwa lake, na naliandika hapa ili sifa imwendee mwenyewe. Angechora ramani kubwa ya Tanzania isiyo na mito wala maziwa wala milima, mipaka tu na mistari ya latitudo na longitudo, juu ya karatasi za manila zilizounganishwa kwa gundi. Kila mwanafunzi angekuja mbele na kuweka nukta yake kwa kalamu nyekundu. Hakuna projekta iliyohitajika (iliyopo shuleni kwao imefungiwa kabatini, na ufunguo wake una historia ndefu) wala umeme, wala bando la mwanafunzi yeyote. Intaneti ingefanya kazi yake Jumamosi, hapa Mnazi Mmoja, kisha ingebaki mjini.

Tuliteremka hadi kwenye steshenari moja karibu na Mtaa wa Lumumba kuchapisha orodha. Kijana wa pale aliikata kwa mkasi vipande themanini bila kuuliza, lakini alipofika kwenye mistari ya kanda ya ziwa alisimama akasoma. "Hili nalikumbuka," alisema, na akaendelea kukata.

Tukiwa njiani kurudi likazuka swali ambalo hakuna tovuti iliyotusaidia. Nani apewe la Bukoba? Ukimpa binti yule, unaweza kumfungulia kidonda mbele ya watu. Ukimpa mwingine, umemnyang'anya mara ya pili. Tulibishana tangu Lumumba hadi kwenye mnara wa Mwenge, mpwa wangu akisema asimpe, mimi nikisema ampe, na tukamaliza bila kuelewana.

Pale kwenye mnara tulikaa kivulini. Mwenge wa kwanza ulipandishwa kileleni Kilimanjaro usiku wa Uhuru, Desemba 1961, na mlima wenyewe ni zao la Bonde la Ufa. Nadhani waliopanga sherehe hawakuliwaza hilo. Mpwa wangu aliniuliza, kwa namna ya kunijaribu, nchi imepanuka kiasi gani tangu siku ile. Vipimo vya setilaiti vinaonyesha kwamba upande wa mashariki wa Bonde la Ufa, ambao ndio wetu wa Dar es Salaam, unajitenga na sehemu nyingine ya bara kwa milimita chache kwa mwaka. Yaani mwendo wa bara kwa mwaka mzima haufiki mbali zaidi ya ukucha wako unavyokua kwa mwezi mmoja au miwili. Tukichukua milimita tatu, tukazidisha kwa miaka sitini na kitu, tunapata sentimita kumi na tisa hivi. Nikanyoosha kiganja changu juu ya saruji ya mnara. Shibiri moja. Tangu Mwenge uwashwe, Dar es Salaam na Kigoma zimeachana kwa shibiri.

"Hilo nitalitumia," alisema, akaliandika.

Kitu cha pili alichokiandika tulikipata kwa mama lishe. Makosa yaliyoenea zaidi katika maelezo ya mtandaoni, hata ya lugha kubwa, ni kusema kwamba mabamba yanaelea juu ya bahari ya mwamba ulioyeyuka. Nami nilikuwa nikiamini hivyo maisha yangu yote. Sivyo. Sehemu kubwa ya miamba iliyo chini ya mabamba ni yabisi, ila ina joto na mgandamizo wa kuifanya ijongee polepole sana, sentimita chache kwa mwaka. Moto wa ndani unaipandisha, ikipoa inashuka, na mabamba yaliyo juu yanashiriki mzunguko huo. Mpwa wangu alitazama sufuria ya uji uliokuwa ukitokota pembeni ya mkaa, utando wa juu ukipasuka katikati na vipande vyake vikisogea ukingoni, akasema huo ndio mfano wake. Nikamkumbusha kwamba uji ni majimaji. Akafikiri kidogo, kisha akanyoosha kidole kuelekea barabarani, ambako malori ya mizigo ya Kariakoo yameegeshwa miaka nenda rudi juu ya lami. Lami ile ukiigonga kwa nyundo inakatika kama jiwe. Liache lori lisimame juu yake katika jua la Februari, urudi baada ya wiki, utakuta limechimba vitanda viwili vya magurudumu na lami imefura pembeni. Ni ngumu kwa anayeigonga, laini kwa anayengoja. Basi uji uonyeshe mzunguko, na lami ionyeshe ugumu unaotiririka. Hakuna tovuti iliyotupa mifano hiyo miwili. Ilikuwa hatua arobaini kutoka tulipoketi.

Nikubali kwamba jioni ile, baada ya yeye kuondoka, niliendelea kutafuta peke yangu hadi bando likaisha, na nilichokitafuta hakikuwa tena cha Jumatano yake. Nilitaka kujua sisi tulikuwa wapi wakati elimu hii ikizaliwa. Jibu lilinishtua, maana tulikuwapo.

Alfred Wegener, Mjerumani aliyekuwa mtaalamu wa hali ya hewa, alisimama Frankfurt Januari 1912 na kuwaambia wanajiolojia kwamba mabara yaliwahi kuwa kitu kimoja. Wengi wao hawakumwamini, kwani hakuweza kueleza ni nguvu gani inayoyasukuma. Alifariki kwenye barafu ya Greenland mwaka 1930, akiwa na miaka 50, bado wengi wakimpinga. Sasa tazama tarehe. Katika miaka hiyohiyo, kwenye kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, mamia ya wananchi walikuwa wakichimba mifupa ya dinosaria kwa ajili ya jumba la makumbusho la Berlin. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha miaka michache tu kabla, na njaa yake ilikuwa haijasahaulika. Uchimbaji ulianza 1909 ukaishia 1913. Msimamizi mkuu wa kazi alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyejifunza kuufukua na kuuandaa mfupa wa miaka milioni 150 bila kuuvunja. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa vichwani mwa wapagazi, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi.

Mmoja wa wanyama wale anasimama Berlin mpaka leo, zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni hadi utosini. Mwaka 1914 Werner Janensch alimpa jina la jenasi ya mnyama aliyekwisha kupatikana Colorado, Marekani, mwaka 1900. Mwaka 2009 wataalamu waliwatenganisha wawili hao, kila mmoja na jina lake, lakini udugu wao wa karibu haukukanushwa. Swali likabaki palepale: mnyama mzito kiasi hicho alivukaje Atlantiki? Hakuvuka. Atlantiki ya leo haikuwapo. Vivyo hivyo majani ya kale yaliyogeuka mawe katika miamba ya makaa ya mawe ya kusini mwa nchi yetu ni ya jamii moja na yanayopatikana India, Australia, Amerika ya Kusini na hata Antaktika. Madagaska yenyewe ilikuwa imebanana na pwani yetu na ya Kenya na Somalia, kabla haijaanza safari yake miaka milioni 160 na ushei iliyopita. Ushahidi wa Wegener ulikuwa vichwani mwa wapagazi wa Lindi. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia walichokuwa wamekibeba.

Kisha kuna Mwingereza Arthur Holmes. Mwaka 1911, akiwa na miaka 21, alikwenda Msumbiji kutafuta madini, hakupata kitu cha maana, akapata malaria iliyokaribia kumwua. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ndiye aliyependekeza kwamba joto la ndani ya dunia huizungusha miamba ya chini na kuyabeba mabara, hoja iliyokosekana kwa Wegener. Alexander du Toit wa Afrika ya Kusini alivuka bahari mwaka 1923 kwenda kulinganisha miamba ya kwao na ya Amerika ya Kusini, akaikuta imefanana. Na mwanamama wa Kimarekani, Marie Tharp, katika miaka ya 1950, wakati wanawake hawakuruhusiwa kupanda meli za utafiti, alichora sakafu ya Atlantiki kwa vipimo walivyomletea wanaume, akaona bonde refu katikati yake. Mwenzake, Bruce Heezen, aliyadharau mwanzoni, akisema ni maneno ya wasichana. Walipoufuatilia ufa ule kwa kuweka nukta za matetemeko ya ardhi juu ya ramani, ulizunguka bahari hadi bahari, ukapita Ghuba ya Aden, ukaingia nchi kavu. Ulikuja kwetu.

Nukta za matetemeko juu ya ramani! Jambo lilelile ambalo mpwa wangu, bila kumjua Marie Tharp, alikuwa amelipangia Jumatano yake. Nilimpigia simu usiku uleule. Alikuwa amelala.

Nirudi kwenye lugha, maana watumishi wenzangu wa umma wananiuliza kila mara kwa nini silichoki jambo hili. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote. Zaidi ya miaka kumi imepita, sera imefanyiwa mapitio, na sekondari inaendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Getini kwenye shule ya mpwa wangu kuna kibao kinachowaamuru wanafunzi wazungumze Kiingereza tu. Hoja ninayoisikia mezani ni kwamba Kiswahili hakina msamiati wa sayansi. Mwaka 1990 iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Neno "gandunia" limeundwa na watu wasiolipwa. Bonde la Ufa lilipewa jina ambalo kila bibi analielewa kwa mara ya kwanza analolisikia. Msamiati tunao, na pasipokuwapo tunaunda, kama kila lugha inavyofanya. Tusichokuwa nacho ni sahihi ya mtu kwenye karatasi.

Siwalaumu walimu wanaoogopa. Mpwa wangu mwenyewe aliwahi kuonywa na mwalimu mkubwa wa hapo shuleni kwa kueleza mzunguko wa maji kwa Kiswahili. Na nikiri upande wa pili: mtihani wa taifa utakuja kwa Kiingereza, na mzazi anayesisitiza Kiingereza hana ujinga wowote, anaitazama karatasi ya mtihani. Nilimwuliza mpwa wangu Jumatano atafanyaje. Akasema maneno ya mtihani atayaandika ubaoni kwa Kiingereza, na kueleza ataeleza kwa lugha watakayoielewa, na kibao kitabaki getini kilipo.

Jumatano saa kumi jioni alinitumia picha. Ramani ile ya manila imebandikwa ukutani, na nukta nyekundu zimejipanga. Hakuna aliyewaambia zijipange. Upande wa magharibi zimeshuka kwa mstari kufuata Ziwa Tanganyika, zikapita Rukwa, zikaingia Nyasa, na maziwa yenyewe hayakuwa yamechorwa. Upande wa kaskazini nyingine zimeshuka kutoka Natron kuelekea Manyara na katikati ya nchi. Ananiambia darasa lilianza kupiga kelele nukta ya thelathini au arobaini hivi, pale umbo lilipoanza kujitokeza, na kwamba mwalimu wa darasa jirani alikuja kuuliza kuna nini, akabaki mlangoni hadi mwisho wa kipindi.

La Bukoba alikuwa amempa kijana mwingine, kama alivyosema angefanya. Vipande vilipokwisha kugawiwa, binti yule aliinuka, akapita katikati ya madawati akisoma vya wenzake, mpaka akakipata. Akabadilishana. Kijana alipewa la Rukwa na hakuona hasara. Binti alikwenda mbele, akahesabu mistari kwa kidole, akaweka nukta yake magharibi mwa Ziwa Viktoria, akaikoleza mara mbili. Kisha akauliza kina cha kilomita arobaini ni mbali kiasi gani. Mwalimu akamwambia ni karibu kama kutoka Posta hadi Kibaha, ukielekea chini. Inasemekana alikaa akatabasamu. Mama yake mdogo amekuwa akimwambia miaka yote kwamba ule ulikuwa mkono wa mtu.

Ilibaki nukta moja iliyowasumbua. Haikuwa ziwani wala bondeni. Ilikuwa baharini, kusini-mashariki ya Dar es Salaam: 12 Agosti 2020, ukubwa wa takriban 6.

Hiyo naijua bila kishikwambi. Ilikuwa Jumatano usiku, baada ya saa mbili. Nilikuwa nikisahihisha mitihani katika chumba hikihiki. Taa ilianza kuyumba, kikombe kikatembea mezani, na jirani wa ghorofa ya juu akaita jina la Mungu. Tuliteremka ngazi gizani, tukasimama Mnazi Mmoja na mamia ya watu wengine, wengine wamevaa khanga moja, tukitazama majengo tuliyotoka. Hakuna lililoanguka. Baada ya saa moja tulirudi kulala, na sikumbuki kwamba mtu yeyote katika jengo letu alilizungumzia tena. Ufa una mkono wake wa baharini, usioonekana kwa macho, na sisi tumejenga ng'ambo yake. Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka hapa Kariakoo, watu zaidi ya ishirini wakafariki, na siku hiyo ardhi ilikuwa imetulia kabisa.

Kwa hiyo wiki hii nilimwandikia barua mwenye jengo letu, kwa niaba ya wapangaji kumi na wawili, kumwuliza lilijengwa mwaka gani, michoro yake iko wapi, na kama kuna mhandisi aliyelikagua tangu ule usiku wa 2020. Nakala nimeipeleka ofisi inayohusika. Karani aliipokea, akaigonga muhuri, akaniuliza kwa upole kama kuna ufa nilioliona jengoni. Nilimwambia bado. Akasema basi niwe na subira, barua za nyufa zinatangulia.

Mpwa wangu anakuja tena Jumamosi. Mada inayofuata ni mito.